Kinanda cha Babu na Vibonyezo Vyake vya Pembe

Ilipotimia arobaini ya mama, nasi watoto wake watano tukakutana katika nyumba yetu ya zamani mjini Tanga ili kugawana vitu alivyoviacha, kila kitu kilipata mwenyewe kwa salama na bila ya maneno: kitanda cha mvule kilikwenda kwa dada mkubwa, cherehani kwa mdogo wetu aijuaye kazi yake, sahani za kaure kwa mawifi, na vitabu vya sala kwa yeyote aliyeomba, lakini tulipofika ukumbini, mbele ya kinanda cha babu, tulinyamaza sote, kwa kuwa hapana miongoni mwetu aliyekuwa na mlango mpana wa kukipitisha, wala aliyekuwa na moyo wa kusema kitolewe.

Ni kinanda cha kuegemezwa ukutani, cha mbao nyeusi, chenye mikono miwili ya shaba upande wa mbele iliyokuwa ikishika mishumaa kabla ya umeme kuingia majumbani. Juu ya vibonyezo paliandikwa jina la mtengenezaji kwa herufi za dhahabu, lakini unyevu wa pwani umeyala maandishi hata halikubaki ila neno moja, Berlin. Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Tanga mwaka 1893, na mwaka huo huo Richard Hindorf akaleta miche ya mkonge katika nchi hii. Mashamba yakaenea, mabwana shamba wakaja na aila zao, na samani za kwao zikaja nyuma yao kwa meli. Aghalabu kinanda chetu kilikuja kwa njia hiyo. Babu, aliyekuwa mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya, alikinunua katika mnada wa vitu vya mzungu mmoja aliyekuwa akirejea kwao, katika mwaka wa uhuru, 1961. Kililetwa mjini juu ya tela la trekta, kimeviringishwa magunia na kufunikwa turubai, na vijana wanane wa mtaani wakakiingiza ndani baada ya kung'oa mlango pamoja na fremu yake. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba siku ile babu hakugusa chakula mpaka alipokwisha kuimbisha nyumba nzima, wachukuzi wakiwa bado wamesimama na jasho lao.

Sisi nyumbani hatukukiita piano. Tulikiita kinanda, na neno hilo ni la zamani na pana kuliko chombo chenyewe, kwa kuwa wazee wa pwani walilitumia kwa ala ya nyuzi ipigwayo kwa mkono, kisha likachukua ala ya kanisani, likachukua piano, likachukua hata santuri, kana kwamba kila kitu kilichotoa muziki ndani ya nyumba kilistahili kuitwa jina moja la heshima. Baadhi ya watu huniambia neno hilo halina budi kuachwa kwa sababu halitofautishi. Rai yangu ni kwamba lina haki ya kubaki, na katika makala haya nitalitumia kama alivyolitumia babu.

Siku ile ya mgawanyo zilitoka rai nne. Kaka yetu mkubwa alisema kiuzwe, kwa sababu fedha hugawanyika na kinanda hakigawanyiki. Dada aliyeolewa Uingereza alisema yu tayari kukilipia nauli ya meli, akiweke kwake, watoto wake wamjue babu yao. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye ni mtu mwema na mwenye mikono hodari, alisema sauti yake imekwisha kufa, afadhali kitolewe matumbo yake ya chuma, na mbao zake zifanywe kabati la vitabu, jambo ambalo amesikia linafanywa kwingine. Nami nilisema kitengenezwe chote, kila waya na kila ubao, kirudi kuwa kama kilivyotoka Berlin. Nilisema hivyo kwa sauti ya juu kuliko ilivyonipasa, na bila ya ilimu yoyote ya kazi hiyo.

Dada mkubwa, ambaye sasa ndiye mama yetu, alitusikiliza wote mpaka tukachoka, kisha akasema: "Wanangu, mnabishana juu ya mgonjwa ambaye hajaonwa na tabibu. Mwiteni fundi kwanza."

Mafundi wa vinanda katika nchi zetu ni wachache mno. Tulimpata mzee mmoja aliyejifunza kazi Nairobi tangu ujana wake, akaja kwa basi na mkoba mmoja wa ngozi. Alipokwisha kupokea shikamoo zetu na kikombe cha chai, aliomba wasaa wa asubuhi moja na ukumbi uliotulia, na akaomba pia mtu yeyote asimuulize bei kabla ya saa sita. Akaanza kubonyeza kila kibonyezo peke yake, kuanzia sauti nzito kabisa mpaka nyembamba, akitia alama ya chaki pale palipokuwa na ila. Vilikuwa 85, vyeupe 50 na vyeusi 35, nasi tukajifunza kwake kwamba hiyo ni dalili ya umri, kwa kuwa vinanda vya siku hizi vina 88. Kisha akaondoa ubao wa mbele na ubao wa chini, akawasha tochi, akapiga magoti, na kwa muda mrefu hakusema neno.

Kitu cha kwanza alichokitoa ndani kilikuwa kiota cha panya. Kilikuwa kimesukwa kwa sufu iliyotafunwa, nyuzi za katani, na vipande vya karatasi ya daftari. Na katika vipande hivyo kimoja, kisichozidi upana wa kiganja, kilikuwa na mwandiko wa babu, wino umegeuka rangi ya kutu, na herufi za sol-fa zimepangwa kwa nukta na mistari kama walivyozipanga waalimu wote wa kwaya wa zama zake. Dada mkubwa alikishika kwa ncha za vidole, akauimba mstari ule pole pole mpaka ulipokatika kwenye meno ya panya. Fundi alisubiri amalize ndipo akaendelea na kazi.

Asiyewahi kuona kinanda kikifunguliwa huenda akadhani ni kasha lenye kengele. Kwa kweli ni chombo cha nguvu za kutisha. Mbinu ya kupiga nyuzi kwa vinyundo ilibuniwa na Bartolomeo Cristofori, fundi wa Kiitalia aliyekuwa katika utumishi wa nyumba ya Medici mjini Firenze, na ala yake imetajwa katika orodha ya mwaka 1700. Ala zile za kwanza zilikuwa za mti mtupu, na sauti yake ilikuwa ndogo. Watu walipotaka sauti kubwa, nyuzi zikawa nene na zikakazwa zaidi, mti ukashindwa, mpaka mwaka 1825 Alpheus Babcock wa Boston alipopata hataza ya fremu ya chuma cha kalibu cha kipande kimoja. Katika kinanda kama chetu mna nyuzi zaidi ya 200, na mvuto wake ukijumlishwa huweza kufika tani 15 hata 20, mchana na usiku, hata nyumba nzima ikiwa imelala. Fremu hiyo ikipasuka, hapana la kufanya. Fundi aliipitishia tochi na kidole kutoka juu hata chini, akatutangazia kwamba fremu ni nzima.

Habari nyingine hazikuwa njema. Nyuzi hukazwa kwa vigingi vya chuma vilivyopigiliwa katika ubao mgumu wa tabaka nyingi, na ubao huo ukikauka na kulowa, ukikauka na kulowa, kaskazi hata kusi, miaka hata miaka, matundu yake hulegea na vigingi haviwezi tena kushika. Fundi alitia ufunguo wake wa kukazia juu ya kigingi kimoja, akaugeuza kwa vidole viwili tu, nao ukazunguka bila ya taabu. Alipouachia, kigingi kikarudi nyuma peke yake na sauti ikashuka tukiisikia. Zaidi ya thuluthi moja ya vigingi vilikuwa hivyo. Ubao wa sauti, ambao ni ule ubao mwembamba wa msonobari ulioko nyuma ya nyuzi, ulikuwa na nyufa tatu. Nondo walikuwa wamekula sufu ya vinyundo upande wa sauti nyembamba. Na vinyundo vya katikati vilikuwa vikisita kurudi kwa sababu ambayo ilinihuzunisha kuliko zote: miaka ya nyuma mtu mmoja aliyejiita fundi, ambaye sina haja ya kumtaja, alikuja kulalamikiwa ugumu wa vibonyezo, akamimina mafuta ya cherehani ndani ya viungo, na mafuta yale yakaganda pamoja na vumbi yakawa kama lami. Mama alimlipa na kumshukuru.

Ndipo mzee akafuta vidole vyake, akafika kwenye vibonyezo. Alivuta kimoja cheupe kikatoka chote, kijiti kirefu cha mti, akanipa nikishike karibu na dirisha. Juu yake palikuwa na ganda jembamba kama ukucha, limeungwa kwa vipande viwili, kipana cha mbele na chembamba cha nyuma, na kiungo chake ni mstari mwembamba usioonekana mpaka uuinamie. Katika ganda lile palikuwa na mistari ya asili iliyopinda kidogo, kama ile ionekanayo katika maji yaliyopepewa. "Hii si plastiki," akasema fundi. "Hii ni pembe ya ndovu. Ningekuwa wewe, hapa ndipo ningeanzia kufikiri."

Hapana budi nami nisimame hapa, kwa kuwa habari ya vibonyezo ina nasaba na pwani yetu kuliko wanavyodhani wengi waliokalia viti vya piano. Katika karne ya 19, majumba ya Ulaya na Marekani yalipoingiwa na mapenzi ya ala hii, watengenezaji walitafuta pembe laini isiyopasuka upesi, na pembe ya namna hiyo ilitoka Afrika ya Mashariki. Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Mwaka 1837 konsuli wao wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem, akafika Unguja. Na merikebu za Salem zikaleta nguo ambayo hata leo twaiita merikani, zikarejea na pembe na sandarusi, pembe ikifanywa vibonyezo na sandarusi ikiyeyushwa kuwa vanishi. Wajerumani hawakuchelewa, kwani O'Swald na Hansing, matajiri wa Hamburg, walikuwa na nyumba zao za biashara Unguja tangu miaka ya katikati ya karne ile. Huko Connecticut vijiji viwili vizima, Deep River na Ivoryton, viliishi kwa kazi ya kukata pembe, na jina la hicho cha pili maana yake ni mji wa pembe. Viwanda vyao vilizipasua zikawa maganda, kisha wakayaanika kwa wiki nyingi katika nyumba za vioo zilizoelekezwa jua, ili umanjano wake utoke.

Na kabla ya kupanda merikebu, pembe ile ilitembea kwa miguu ya watu. Ilitoka Manyema, ikavuka ziwa hata Ujiji, ikapita Tabora, ikateremka Bagamoyo. Na nyingine ilitoka pande za Kilimanjaro na nchi ya Wamasai ikateremka Pangani, mji ambao kutoka nyumbani kwetu si safari ya kutwa. Ilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni ratili 35 au karibu yake. Hamali wa Kinyamwezi, ambaye mara nyingi alikwenda kwa ujira na kwa fakhari ya kazi yake, alibeba begani kiasi cha frasila mbili kwa miezi mingi ya njia. Na katika njia zile zile walipitishwa watu wengine wasiokuwa na ujira wala hiari, waliofungwa minyororo, ambao wenyewe walihesabiwa kuwa bidhaa. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, ameyaeleza mengi ya misafara hiyo katika habari za maisha yake, alizozitunga kwa Kiswahili. Nilizisoma habari hizo nikiwa kijana, na jioni nikakaa kupiga kinanda, wala siku hata moja haikunipitikia kwamba niliyoyasoma yalikuwa chini ya vidole vyangu.

Pembe iliyofunika vibonyezo vyetu siwezi kuapa kwamba ilipita Pangani. Lakini ndovu aliyeitoa alikuwa wa bara hili, na mabega yaliyoibeba yalikuwa ya watu wa bara hili, ikazunguka bahari kwenda Berlin na kurudi Tanga ikiwa imevaa vazi la kigeni, kisha ikakaa katika nyumba yetu miaka 60 na zaidi, babu akaipaka jasho la vidole vyake mpaka vibonyezo vya katikati vikaliwa, vikafanya vijishimo vidogo ambavyo ukifumba macho unaviona kwa kugusa.

Baada ya kuyajua haya, rai nne zilipungua zenyewe. Ile ya kukipeleka Uingereza ilikuwa ya kwanza kuanguka. Mwaka 1989 nchi zilizofunga mkataba wa CITES zilikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoleta hoja hiyo. Na Uingereza yenyewe ilitunga sheria yake ya pembe mwaka 2018, ambayo huziruhusu ala zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1975, zenye pembe chini ya asilimia 20, kuuzwa baada ya kuandikishwa, lakini kuzivusha mipaka bado kwahitaji vibali. Mimi naziunga mkono sheria hizi kwa moyo wote, hata zinaponizuia. Dada alikubali bila ya uchungu, akasema watoto wake watakuja Tanga kukiona.

Ile ya kabati ilianguka mdogo wetu alipoona ubao wa chini umefunguliwa. Alikaa sakafuni, akavuta uzi mmoja mnene kwa kidole, ukalia ndani ya chuma kama sauti ya mtu katika kisima, naye hakulitaja kabati tena.

Ilibaki ya kuuza na ya kwangu. Fundi alitwambia kweli yote. Kukirudisha kama kilivyokuwa kipya ni kubadili ubao wa vigingi, nyuzi zote, sufu zote, na kuziba ubao wa sauti. Gharama yake ingeweza kununua kinanda kingine kizima kilicho bora kuliko hiki, na mwisho wa kazi kingekuwa kinanda kipya ndani ya kasha la zamani. Kukiuza nako hakukuwa na faida, kwani mnunuzi wa kweli angeyaona hayo hayo. Kisha akatuuliza swali moja ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiri: "Katika nyumba hii, nani hupiga?"

Tukatazamana. Akajibu dada mkubwa kwamba mjukuu wake, binti wa miaka tisa, hukiendea kila siku atokapo shule, akapapasa nyimbo kwa kidole kimoja, na kwamba vile vibonyezo visivyolia huviruka kama mtoto arukavyo madimbwi.

Hapo ndipo nilipoiacha rai yangu. Nilikuwa nikitaka kumrudisha babu, na hiyo si kazi ya fundi. Binti yule hakuhitaji Berlin. Alihitaji vinyundo virudi na vigingi vishike. Tukaafikiana kwamba kitengenezwe kwa kadiri ya kupigika, na zaidi ya hapo kisiguswe.

Kazi ilichukua siku sita. Fundi aliving'oa vigingi vilivyolegea, akatia vingine vinene zaidi kidogo katika matundu yale yale, na hiyo ndiyo dawa ya ubao uliochoka lakini haujapasuka. Alivisafisha viungo kimoja kimoja kwa spiriti, akiondoa mafuta yaliyoganda, akafunika vinyundo vilivyoliwa kwa sufu mpya iliyoshindiliwa. Nyufa za ubao wa sauti aliziacha, kwa kuwa hazikuwa zikitoa mlio wa kukereza. Sauti hakuipandisha mpaka kipimo cha mitetemo 440 kinachofuatwa leo ulimwenguni, akihofia kwamba nyuzi zenye kutu zingekatika na mzigo ungezidi. Ameiacha chini yake kwa karibu nusu sauti, na kila uzi ukalinganishwa na mwenziwe. Tarumbeta haitaweza kufuatana nacho. Waimbaji wataweza, na waimbaji ndio waliokuwa watu wa babu.

Vibonyezo vitatu vilikuwa vimepoteza maganda yao. Kuna aliyeshauri vyeupe vyote vibanduliwe na kuvikwa plastiki ili vifanane, nami nilikataa, na katika jambo hili sikuwa tayari kurudi nyuma. Pembe ile haitanunuliwa tena na haipaswi kununuliwa tena; iliyopo ibaki ilipo, imanjanike na ijulikane. Fundi alichonga maganda matatu ya mfupa wa ng'ombe, akayasugua mpaka yakang'aa. Ukitazama vizuri utayatambua, kwa kuwa mfupa hauna ile mistari ya maji.

Tumekiondoa kwenye ukuta wa upande wa bahari, tukakiegemeza kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua. Ndani yake, upande wa chini, tumetundika balbu ndogo iwakayo msimu wa masika ili joto lake lifukuze unyevu, na nondo wamewekewa dawa yao. Kifuniko huachwa wazi saa chache za mchana, maana pembe ikifungiwa gizani huzidi kuwa manjano.

Najua kwamba katika miji yetu, kuanzia Lushoto na Moshi hata Mombasa na Unguja, mna vinanda vingine vilivyosimama kumbini na katika vyumba vya nyuma vya makanisa na shule, vimefunikwa vitambaa na kuwekewa picha za arusi juu yake. Wenye navyo nawaomba haya: msimpe mtu chupa ya mafuta avitengeneze, mwiteni ajuaye, afungue ubao wa chini, aangalie fremu na ajaribu vigingi, kabla hamjaamua kuuza wala kuchanja kuni. Na mkiona maganda yake yana mistari iliyopinda, msiyabandue, wala msivitoe nje ya nchi kabla ya kuwauliza wenye mamlaka ya wanyamapori. Waiteni watoto, muwaonyeshe mistari ile, muwaambie ilikotoka.